Mtele, mchele na kiwimbi

Mombasa ya zamani ilikula mtele. Mchele ulikuja baadaye, tena haukuja na jahazi, ulikuja na vitabu. Katika Kimvita, lahaja ya kisiwa hiki, nchi ni nti, njia ni ndia, mchanga ni mtanga, na anayecheka, huyo anateka. Mtoto aliyelelewa Mji wa Kale au Tudor na bibi anayesema hivyo hukua na maneno mawili kwa kitu kimoja, la nyumbani na la mtihani, na wala hapotei. Mtume dukani akalete mtele kilo moja. Atamwambia mwenye duka mchele, atarudi na kitu kile kile. Kichwani mwake pana kitu kinachojua kwamba maumbo haya mawili ni neno moja.

Kompyuta haina kitu hicho mpaka mtu aiwekee.

Tuseme mtu amekaa Tudor, si mbali na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ana orodha ya maneno ya Kimvita na ya Kiswahili sanifu ndani ya hifadhidata. Anataka kuona kila mstari wenye neno hili, kwa matamshi yoyote. Lugha ya kuzungumza na hifadhidata ni SQL, na opereta anayofundishwa kila mwanafunzi mapema ni LIKE. LIKE ina vibadala viwili tu: alama ya asilimia, inayosimama badala ya herufi zozote, hata zisiwepo kabisa, na mstari wa chini, unaosimama badala ya herufi moja kamili. Basi anaandika LIKE 'm_ele'. Anapata mtele, sawa. Anapata pia mbele, na mwele. Mchele hauonekani, kwa sababu ch ni sauti moja mdomoni lakini ni herufi mbili kwenye skrini. Anaongeza mstari wa pili, 'm__ele'. Mchele huu hapa, umeongozana na milele, na mtele umetoweka. Anaona afadhali atumie asilimia, 'm%ele', na sasa vyote vimeingia chungu kimoja: mtele, mchele, mbele, mwele, milele.

Anachotaka kusema ni kifupi: m, halafu t au ch, halafu ele. Hilo neno "au" ndilo LIKE haina. Lakini kama hifadhidata yake ni PostgreSQL, anaweza kuandika hivi: neno ~ '^m(t|ch)ele$'. Kofia ni mwanzo wa neno, alama ya dola ni mwisho wake, mstari wa wima katikati ya mabano ndio ile "au" tuliyokuwa tukiitafuta. Na kile kiwimbi, ~, ndicho opereta yenyewe. Kinauliza: je, neno hili linafanana na ruwaza hii? Yanarudi mawili, mtele na mchele, basi.

Kiwimbi hicho si cha SQL yote. Ni cha lahaja. Programu nyingine inayosoma SQL ikikutana nacho huenda ikakwama, au ikakisoma kwa maana nyingine kabisa. Kuna watu ambao kazi yao ni kuzifundisha programu hizo lahaja moja baada ya nyingine, na kwa nje ni kazi kavu kama inavyosikika. Mimi nadhani mtu wa Mombasa ana sababu yake mwenyewe ya kuitazama, maana mji huu uliwahi kukaliwa kikao juu ya jambo hilo hilo.

Kikao kilikuwa Juni 1928, hapa hapa Mombasa. Serikali za kikoloni za Afrika Mashariki zilitaka Kiswahili kimoja cha shule na vitabu, na swali lilikuwa lahaja gani iwe msingi. Kimvita kilikuwa na hoja zake. Krapf alitua Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake kubwa, iliyotoka London mwaka 1882 yeye akiwa ameshafariki, ilisikiliza sana midomo ya upande huu. Taylor, mmishonari mwingine, alikaa Mombasa akifundishwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, akachapisha mkusanyo wa methali mwaka 1891. Na kulikuwa na Muyaka bin Haji, aliyeaga dunia mwaka 1840, ambaye mashairi yake yalitosha kuitetea lahaja yoyote mbele ya hakimu yeyote. Upande wa pili kulikuwa na Unguja, bandari iliyopeleka lugha yake bara pamoja na misafara, na Askofu Steere aliyekuwa ameshatoa kitabu chake cha Kiunguja mwaka 1870. Kiunguja kilishinda. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha kusimamia tahajia na vitabu, na mwaka 1939 ikatoka kamusi ya Johnson. Mchele ukawa mchele.

Sitaki kulilia kikao hicho kama aliyefiwa. Bila usanifishaji, mtu wa Kisumu na mtu wa Tanga wasingesoma ukurasa huu kwa wepsi huo huo. Lakini tazama namna uamuzi ulivyofanya kazi: ulichukua maumbo mawili na kusema moja ndilo neno, lingine ni kosa. Haukusema "t au ch". Kalamu nyekundu ya mwalimu haikuwa na mstari wa wima.

Na si t na ch tu zilizopotea. Kimvita hutofautisha paa wa nyumba na paa wa porini kwa pumzi: yule mnyama p yake ina mpumuo. Taylor alizitilia sauti hizo alama alipoandika. Tahajia sanifu iliziacha, na leo mtoto anasoma paa na paa akitegemea Mungu na sentensi.

SQL nayo ina 1928 yake, ila ilikuwa 1986.

Mambo yalianza hivi. Mwaka 1970 Edgar Codd wa IBM aliandika kwamba data ipangwe katika majedwali, na mtu aulize anachotaka bila kujua kimehifadhiwa wapi. Mwaka 1974 wenzake wawili, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakatoa lugha ya kuulizia. Waliiita SEQUEL, baadaye jina likafupishwa kuwa SQL kwa sababu kampuni ya Uingereza ya kuunda ndege ilikuwa imeshalisajili lile la kwanza. Lugha ilitungwa ifanane na Kiingereza cha ofisini, aweze kuisoma karani na si mwanahisabati peke yake. Ndiyo maana opereta yake ya kufananisha ni neno, LIKE, na vibadala vyake ni viwili tu. Kwa karani anayetafuta wateja ambao jina lao linaanza na Ki, hiyo inatosha na kubaki. Mwaka 1986 shirika la viwango la Marekani likaidhinisha SQL sanifu, na LIKE ilikuwamo na asilimia yake na mstari wake wa chini.

Kiwimbi kina ukoo mwingine. Mwaka 1951 mwanahisabati Stephen Kleene alikuwa akichunguza namna mitandao ya neva inavyoweza kutambua mfuatano wa ishara, akabuni namna fupi ya kuandika mifuatano hiyo: hiki, au kile, au hiki kikirudiwa mara yoyote. Kazi ilichapishwa mwaka 1956. Ilikuwa nadharia tupu. (Mwaka huo huo wa 1951, hapa Tudor, chuo cha Waislamu wa Afrika Mashariki kilichoitwa MIOME kilianza kupokea wanafunzi. Ndicho kilichogeuka Mombasa Technical Institute mwaka 1966, kisha Polytechnic mwaka 1972, na sasa, tangu 2013, ni chuo kikuu kamili. Hakuna uhusiano wowote kati ya mambo haya mawili, ila mwanafunzi wa leo pale anafundishwa nyota ya Kleene.) Mwaka 1968 Ken Thompson akaonyesha jinsi kompyuta inavyoweza kutafuta ruwaza za namna hiyo ndani ya maandishi kwa kasi, akaziingiza katika kihariri chake, na kutoka humo ikazaliwa grep, chombo cha Unix kisichozeeka. Awk ikafuata mwaka 1977, nayo ilikuwa ikiandika "inafanana na" kwa kiwimbi kile kile.

Basi kulikuwa na mitaa miwili. Mtaa wa IBM, makarani na majedwali, ukasema LIKE. Mtaa wa Unix, vyuo vikuu na faili za maandishi, ukatumia rejeksi, jina ambalo ruwaza za Kleene zilipata mitaani. Mitaa ikaoana Berkeley. Mradi wa Postgres ulianza pale mwaka 1986 chini ya Michael Stonebraker, ukiwa na lugha yake ya kuulizia. Mwaka 1994 wanafunzi wawili, Andrew Yu na Jolly Chen, waliiondoa lugha hiyo wakaweka SQL, na mwaka 1996 mradi ukaitwa PostgreSQL. Kiwimbi kimo ndani yake, na watoto wake: ~* kwa asiyejali herufi kubwa na ndogo, !~ kwa kukanusha, !~* kwa yote mawili. Hata LIKE yenyewe, ukichungulia uvunguni mwa PostgreSQL, ni viwimbi viwili, ~~.

Wengine walioa kivyao. MySQL inaandika REGEXP, au RLIKE ukipenda. Oracle iliifanya REGEXP_LIKE yenye mabano. BigQuery haina opereta ya rejeksi kabisa, ina kazi iitwayo REGEXP_CONTAINS. SQLite, hifadhidata iliyo ndani ya simu yako sasa hivi, ina opereta ya GLOB inayotumia nyota na alama ya kuuliza. Inalijua pia neno REGEXP, ila kwa kawaida haina chochote nyuma yake: ukiliandika linasomwa vizuri, kisha unaambiwa kazi hiyo haipo. Nampenda sana SQLite kwa hilo. Ni kama mtu anayeitikia "labeka" halafu hana habari unataka nini. Watu wa kiwango nao mwaka 1999 wakaleta SIMILAR TO, chotara iliyochukua asilimia ya LIKE na mstari wa wima wa rejeksi, na ambayo sijawahi kusikia mtu akiisifu.

Kwa nini lahaja za SQL zilistahimili kiwango na Kimvita kikasukumwa jikoni? Jibu langu ni rahisi na si la kupendeza. Kila lahaja ya SQL ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na wateja waliolipa au jamii ya watu waliojitolea kuitunza. Kiwango kilipopita, wao waliendelea kuuza. Kimvita kilikuwa na wasemaji, na wasemaji hawakuwa na kura mezani. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeandika magazeti yake ya Sahifa na Al-Islah mwanzoni mwa miaka ya 1930, alikuwa akitetea kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu wakati kamati ikipanga tahajia ya Kirumi. Alikuwa na hoja na alikuwa na wasomaji. Shule hakuwa nazo.

Sasa tuje kwenye programu inayosoma. Kwa kuwa lahaja ni nyingi, watu wameandika programu za kusoma SQL ya lahaja moja, kuielewa, na mara nyingi kuiandika upya katika lahaja nyingine. SQLGlot ni mojawapo, sqlparser ya lugha ya Rust ni nyingine. Kiini cha kila moja ni kichanganuzi, na mtu aliyefanya mtihani wa Kiswahili Kenya hahitaji kuelezwa sana, maana amewahi kuulizwa achanganue sentensi kwa kielelezo cha matawi. Sentensi juu, kikundi nomino kushoto, kikundi tenzi kulia, na chini kabisa maneno yenyewe. Kichanganuzi cha SQL kinachora mti huo huo. Anayekifundisha kiwimbi, kwanza anakifundisha kukiona, halafu kujua kikae tawi gani.

Kukiona si bure. Kabla ya matawi, maandishi hukatwakatwa kuwa vipande, na mkataji husoma herufi moja moja. Akikutana na !~* asikate vipande vitatu. Lazima ameze kile kirefu zaidi kinachowezekana. Kisha, kiwimbi kina kazi mbili. Ndani ya PostgreSQL yenyewe, kikiwa mbele ya namba bila kitu kushoto kwake, kinageuza biti, ~5 ni -6. Kikiwa katikati ya vitu viwili kinafananisha. Katika MySQL na SQLite ni hiyo kazi ya kwanza tu. Kwa hiyo kichanganuzi hakiwezi kusema kiwimbi maana yake ni hii. Sharti kwanza kiulize: tunazungumza lahaja gani hapa? Na sisi wa Kiswahili tuna adha yetu ya ziada, ambayo aliyeandika ng'ombe ndani ya SQL anaijua vyema. Kile kiritifaa kinafunga maandishi kabla ya wakati, ng ikabaki ndani na ombe ikatupwa nje. Inabidi uandike 'ng''ombe', viritifaa viwili. Ukitaka ruwaza ya yule paa mwenye pumzi, kama alivyoandikwa na kama anavyoandikwa leo, p kisha kiritifaa kinachoweza kukosekana, inakuwa '^p''?aa$'. Mkataji asiyejua kanuni ya viritifaa viwili hafiki hata kwenye kiwimbi.

Lakini penye moto ni kwenye matawi. Chukua "mtoto wa jirani mgonjwa". Nani mgonjwa? Kiswahili hakisemi, upatanisho wa kisarufi unaruhusu mtoto na unaruhusu jirani, na mti wake unaweza kuchorwa kwa namna mbili. SQL haiwezi kuishi hivyo, kwa hiyo kila opereta hupewa cheo: nani anashika jirani yake kwanza. Na vyeo vya LIKE na kiwimbi havilingani. Katika PostgreSQL alama ya kuunganisha maandishi, ||, ina cheo kikubwa kuliko LIKE. Ndiyo maana neno LIKE mzizi || '%' inasomwa unavyotaka: unganisha kwanza mzizi na asilimia, halafu fananisha. Kiwimbi kina cheo sawa na ||, na vya cheo sawa husomwa kutoka kushoto. Andika neno ~ '^' || mzizi na PostgreSQL itasoma hivi: kwanza fananisha neno na '^', halafu jibu la ndiyo au hapana libandikwe mzizi. Ukiiweka hiyo katika WHERE itakukatalia, itasema hapo inataka ndiyo au hapana na wewe umeipa maandishi.

Anayeongeza kiwimbi kwenye kichanganuzi hushawishika kukiweka tawi moja na LIKE. Si vyote vinafananisha? Akifanya hivyo, mti wake utaunganisha '^' na mzizi kwanza. Programu itaona sentensi nzuri kabisa, itaitafsiri kuwa REGEXP_CONTAINS ya BigQuery, nayo itajibu bila wasiwasi. Hapo mtu amepewa jibu la swali ambalo PostgreSQL ilikataa kulisikia. Kichanganuzi kinachokwama kwenye kiwimbi na kupiga kelele kina heshima zaidi kuliko hicho.

Tafsiri ina mitego mingine ya aina hiyo. Kiwimbi kinatafuta popote ndani ya neno, na SIMILAR TO inadai neno zima. Kwa hiyo ~ 'tele' inapata mtele na utelezi, na SIMILAR TO 'tele' haipati hata kimoja katika hivyo viwili. Kiwimbi kinatofautisha Tudor na tudor. REGEXP ya MySQL, kwa maandishi ya kawaida, haitofautishi. Mtafsiri anayebadilisha alama kwa alama amefanya kazi ya mkalimani anayebadilisha neno kwa neno, na sote tumekaa kwenye mikutano ya mkalimani huyo.

Mtu atasema haya ni mambo ya maneno ya kamusi, nani anaumia? Hebu twende kwenye majina. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye ardhi wa pwani wadai ardhi yao mbele ya afisa na iandikwe. Majina yaliyokuwa yakiandikwa kwa Kiarabu vizazi kwa vizazi yakaanza kuandikwa kwa herufi za Kirumi kama sikio la karani lilivyopokea. Tangu hapo mtu mmoja wa Mombasa anaweza kuwa Mohamed kwenye cheti cha shule, Muhammad kwenye pasipoti na Mohammed kwenye karatasi ya babu yake. Tafuta LIKE 'Moh%med' na utapata wawili, yule wa pasipoti umemwacha. Ruwaza '^M[ou]hamm?[ae]d$' inakamata tahajia nane kwa mkupuo mmoja.

Wamarekani walijaribu njia nyingine mapema zaidi. Mwaka 1918 Robert Russell alipata hataza ya mfumo wa kuweka majina kwa sauti, uliokuja kuitwa Soundex: shika herufi ya kwanza, tupa irabu, geuza konsonanti ziwe namba. Uko ndani ya hifadhidata nyingi hadi leo. Mpe Mohamed na Muhammad, wote wanakuwa M530. Vizuri. Mpe Mahmud. M530. Huyo ni mtu mwingine na jina lingine, na akiwa na shamba sijui nani atamweleza. Mpe Mwinyi na Mwana, M500 wote wawili, bwana na bibi wa mji mzima wamekuwa kitu kimoja. Soundex iliamua mara moja kwa sikio la Kiingereza, na uamuzi umefungwa ndani yake. Huuoni na huwezi kuubadilisha. Rejeksi ina ubaya wake, haisomeki, inachosha macho, lakini uamuzi uko mbele yako umeandikwa: hapa nimekubali o au u, hapa nimekubali m moja au mbili. Anayekataa anaweza kunyoosha kidole kwenye herufi.

Tena haijui zaidi ya hapo. '^(t|ch)eka$' itakuletea cheka ya Kiunguja na teka ya Kimvita, ndiyo, lakini teka ile ile ni ya kuteka maji na ya kuteka nyara, ambayo haina ch popote. Na huwezi kugeuza kila t kuwa "t au ch" ukatulia, maana mtoto ni mtoto kote. Opereta inajua kufanana. Ujamaa wa maneno bado ni kazi ya mtu anayejua lahaja.

Hayo wasomaji wa hati za zamani waliyajua kabla ya Kleene. Katika hati nyingi za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, herufi ba ilibeba sauti tatu: b, p na mb. Neno lililoandikwa ba, alifu, ba, alifu, laweza kuwa baba, papa, pamba au bamba. Yote manne ni Kiswahili safi, yote yana silabi mbili, kwa hiyo mizani ya shairi haikusaidii. Anayesoma anabeba kichwani kitu kama (b|p|mb)a(b|p|mb)a, anapima kila kimoja na maana ya mshororo, anachagua. Mashairi ya Muyaka yalitufikia kwa watu wa namna hiyo, Mwalimu Sikujua akiyakusanya, Taylor akiandika pembeni, mpaka William Hichens alipoyachapisha mwaka 1940 huko Johannesburg kwa herufi za Kirumi, kila ba ikiwa imeshaamuliwa.

Leo anayetaka kuyaandika upya kwenye hifadhidata halazimiki kuamua na kutupa. Anaweza kuweka safu moja ya herufi kama zilivyo kwenye hati, safu ya pili ya usomaji uliochaguliwa, na safu ya tatu ya ruwaza yenyewe, ile "b au p au mb", ibaki pale kwa atakayekuja na wazo bora. Kisha alinganishe safu hiyo ya tatu na orodha yote ya maneno ya Kimvita aone ni yapi mengine yangeweza kusomwa hapo: k.neno ~ ('^' || h.ruwaza || '$'). Na mabano hayo asiyasahau.